Uso Nilioufuta kwa Msasa

Mwezi jana mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Nairobi, alikokuwa amewapeleka wanafunzi kwenye jumba la makumbusho, akanijia ofisini mbio mbio, simu mkononi. "Kwamboka, si wewe ni wa Tabaka, kwa wachonga mawe? Hebu tazama, haya si mawe ya kwenu?" Ilikuwa picha ya kichwa na mabega ya mtu, jiwe jeupe lenye mishipa ya waridi, limewekwa juu ya kisimamo cheusi. Masikio yalikuwepo, shingo ilikuwepo, hata ukosi wa shati. Uso ndio haukuwepo. Pale penye macho na pua na mdomo palikuwa laini kama yai. Mwenzangu akanisomea maelezo ya ukutani kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba msanii ameuacha uso mtupu kwa makusudi, kuonyesha jinsi vita vinavyomnyang'anya mtu utu wake. "Sasa hiyo ndiyo akili!" akasema. "Wazee wenu hawakusoma sana, lakini kichwa wanacho!"

Nikamwambia ni kweli, kichwa wanacho. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia mpaka kengele ya kipindi cha sita. Makusudi! Makusudi gani jamani? Yule ni kaka yangu Makori, na aliyemtoa uso ni mimi, kwa mikono hii hii inayoshika chaki, nilipokuwa na miaka tisa.

Kwetu kazi ya jiwe ina mgawanyo wake. Wanaume huchimba na kuchonga, wanaanza na panga wakamaliza na kisu kidogo. Akina mama na watoto ni wa msasa. Unakaa chini na beseni la maji katikati ya miguu, unalowesha jiwe, unasugua. Kwanza msasa mkali, halafu wa wastani, halafu ule laini kabisa ambao hata shavu ungeweza kulisugua. Maji yanageuka meupe. Vidole vinalika mpaka jioni ukishika chumvi unaruka. Harufu yake ni ya vumbi lililonyeshewa, na mpaka leo mvua ya kwanza ikinyesha mimi hutafuta beseni liko wapi. Aliyenifundisha ni Makori. "Fundi," ndivyo alivyoniita, mimi na ufupi wangu ule, "kazi ya kisu ni kukosea, kazi ya msasa ni kuondoa makosa. Usilale mpaka kidole kikose pa kukwama." Nilikuwa msuguaji hodari. Nasema hivyo bila majivuno, maana uhodari wangu ndio uliotumaliza.

Makori alikuwa na miaka kumi na tisa alipobeba gunia la sanamu za viboko na sahani za mawe kwenda kuuza katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Alikuwa ameenda mara nyingi na kurudi. Safari hiyo kura ikapigwa, na kura ikageuka vita. Tulipiga namba yake kwa simu ya jirani. Siku mbili ililia bila kupokelewa, siku ya tatu ikaacha kulia. Watu wetu waliotoka huko wakaanza kuteremka kwa malori na magodoro yao, na Mama akawa anakwenda kusimama barabarani, anachungulia kila lori. Alizunguka kambi, hospitali, na zile nyumba za baridi ambazo akirudi kutoka huko hakula siku nzima. Picha ya Makori tulikuwa nayo moja tu, ndogo, iliyobaki alipochukua kitambulisho. Mama aliipeleka kwenye ofisi moja iliyosemekana inaandikisha waliopotea. Wakaipokea, wakamwambia arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata akakuta mtu mwingine mezani, na huyo hakuwa na habari ya picha yoyote. Mama akamwambia, "Angalia tena." Akaangalia tena. "Angalia chini ya hiyo nyingine." Mpaka akatolewa nje. Basi tukabaki na mtu aliyepotea na picha yake imepotea.

Ndipo akaja bwana mmoja wa makumbusho. Alikuwa mpole, ana miwani, anapita kwa wachongaji akisema wanaandaa maonyesho ya sanaa kuhusu vita vile, na angependa kazi ya mtu ambaye vita vimefika nyumbani kwake. Baba alikataa. Bwana yule alipokwisha kuingia garini, Baba akamfuata na kumgongea kioo. "Huko kwenu hupita watu wangapi?" Akajibiwa kwamba ni wengi, wa kutoka kila pembe ya Kenya, shule, wafanyakazi, wageni. Baba akasema, "Basi nitachonga."

Nia yake ilikuwa hii: amchonge Makori, sawasawa alivyo, asizidishe wala asipunguze, ili katika watu wote wale atokee mmoja wa kusema, huyu namjua, nilimwona mahali fulani. Mfa maji haachi kutapatapa. Hilo jiwe ndilo lingekuwa ile picha iliyopotea. Lakini hayo niliyajua baadaye. Mtoto wa miaka tisa nani anamkalisha chini amweleze?

Mimi nilichokiona ni Mama kutoka jikoni siku ya kwanza, kukuta umbo la kichwa limeanza kutokea, na kupiga kelele: "Unamchongea nini mwanangu? Hujui anayechongwa ni mfu?" Neno hilo likaniingia. Na ushahidi nilikuwa nao! Kichwa cha mtu cha jiwe nilikuwa nimekiona mahali pamoja tu, juu ya kaburi la tajiri mmoja, kando ya barabara ya Nyakoe, na jina lake chini. Viboko walichongwa, twiga walichongwa, mama mwenye mtungi alichongwa, lakini hao hawakuwa mtu yeyote. Mtu mwenye jina lake akichongwa, ameshazikwa. Kisha siku chache baadaye nikamwona Mama ameleta kigoda, amekaa karibu na Baba mchana kutwa, anamwelekeza: "Nyusi zilikaribiana zaidi. Hapana, usizipandishe. Kovu ni chini ya jicho la kushoto, pale alipoangukia jembe." Baba alikuwa amemweleza nia yake na yeye amekubali. Mimi nikaona Mama amekata tamaa, anasaidia kumzika Makori. Nilimchukia, haki ya Mungu nilimchukia.

Na jinsi uso ulivyozidi kufanana ndivyo nilivyozidi kuogopa. Siku ya Ijumaa Baba alipofika kwenye midomo, ule wa chini uliopinda kidogo upande mmoja kama anayetaka kukucheka, nilikimbilia migombani nikajificha. Jua halijazama Baba akaosha visu, maana Sabato ilikuwa inaingia, akalifunika jiwe kwa gunia. "Hili msasa wake nitaupiga mwenyewe," akasema, "na uso sitaugusa. Jumapili gari la makumbusho linakuja." Nikaelewa nina siku moja.

Asubuhi ya Sabato nikasema tumbo linaniuma. Sikuwa mtoto wa uongo, kwa hiyo wakaniamini. Mama akanifunika blanketi, wakaenda kanisani. Nilingoja mpaka niliposikia wimbo wa kwanza ng'ambo ya kilima, nikatoka, nikajaza beseni, nikafunua gunia. Kwanza nilimwomba Mungu anisamehe kufanya kazi siku yake, kwa sababu hii ilikuwa kazi ya kumrudisha mtu. Nikaanza na kovu. Lilitoka upesi. Nyusi, macho, mashavu. Pua ndiyo iliyonisumbua, pua ya Makori ilikuwa kubwa, nikaikata kwanza kwa kisu cha Baba halafu nikarudi kwa msasa. Kwenye midomo nilifumba macho nikawa nasugua kwa kupapasa. Nikapitisha wa wastani, nikapitisha laini. Nilifanya kazi safi, hakuna mahali kidole kilipokwama. Kisha nikamwaga yale maji meupe migombani, nikanawa, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda kukaa langoni kumngoja Makori.

Walionifikia ni wao, na vitabu vyao vya nyimbo kwapani.

"Tumbo?" Mama akauliza.

"Limepona. Mama, Makori anakuja leo."

Mama akasimama pale pale. "Nani amekuambia?" akauliza. Baba alikuwa ametazama gauni langu, akaona chembe nyeupe kwenye mikono, akanipita akaenda kwenye gunia.

Hakunipiga. Siku nyingi nimetamani angenipiga. Alipiga magoti, akaweka dole gumba pale palipokuwa pua, akalipitisha polepole mpaka kidevuni, na kulirudisha juu, kama anayetafuta mlango gizani. "Kwamboka," akasema bila kugeuka, "nani alikuambia kazi hii imefika kwa msasa?"

Nikamweleza. Kwamba anayechongwa ni mfu, na mimi nimemtoa kwenye ufu. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza ile nia yao, kwa upole, neno kwa neno, vile unavyomweleza mtoto hesabu aliyoikosea. "Mtu angepita pale, amwone, aseme namjua. Ndivyo tulivyotaka." Mama alikuwa amekaa chini mchangani na gauni lake la Sabato. Nikasema, "Mchonge tena." Baba akatikisa kichwa. Jiwe likishatoka halirudi. Ningekuwa nimeharibu sikio, angelipunguza lile jingine likafanana. Lakini uso akiuchimba ndani zaidi angepata mtu mwingine, kichwa kikubwa na uso wa mtoto. Na jiwe jingine la ukubwa ule halikuwepo, wala siku.

Bwana wa makumbusho alipofika Jumapili alilizunguka lile jiwe mara mbili, akavua miwani, akafuta macho. "Mzee," akasema, "sikutarajia hii. Hii imepita kila kitu." Baba akamtazama tu. Aliyesema ni Mama. Alisema hilo jiwe haliendi peke yake. Akalifunga kwa leso yake, akaingia nalo garini, akalipakata. Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alituandikia ubaoni methali: asiye na mwana aeleke jiwe. Darasa likacheka. Mimi nilitoka nje.

"Na huyu anakuja," Mama akamwambia Baba pale garini kwa Ekegusii, lugha yetu, akaninyooshea kidole. "Kiswahili changu mimi ni cha kuuzia ndizi. Yeye amesoma. Yeye ndiye aliyeutoa uso, yeye ataurudisha kwa mdomo."

Sikuelewa mpaka tulipofika. Vyumba vya maonyesho vilikuwa vingi, vyeupe, na taa ndogo ndogo zilizoelekezwa ukutani. Chumba cha kwanza kilikuwa na michoro ya nyumba zinazoungua, rangi nyekundu nzito iliyovimba kama kidonda. Cha pili kilikuwa na mtu aliyetengenezwa kwa mabati yaliyoungua, na kiatu kimoja cha mtoto ndani ya kioo. Nilikitazama sana kile kiatu. Watu walipita wakiwa wamefunga mikono nyuma, wakinong'ona kama wapo hospitali. Jiwe letu lilikuwa chumba cha tatu. Baba aliitwa chumba kingine kupigwa picha na wasanii wengine. Mama akasimama kuliani kwa jiwe, akanisimamisha kushoto, na kila aliyekaribia Mama alisema kwa Ekegusii na mimi nikageuza kwa Kiswahili:

"Huyu ni kaka yangu. Anaitwa Makori. Ni mrefu, rangi ya maji ya kunde. Nyusi zake zinakaribiana. Pua ni kubwa. Ana kovu chini ya jicho la kushoto. Mmemwona?"

Wakapiga makofi! Jamani, wakapiga makofi. Walidhani sisi ni sehemu ya maonyesho. Mama mmoja aliyevaa shanga nzuri akanishika kidevu, akasema nimemliza. Mwingine akaomba turudie ili apige picha. Mama akaniuliza, "Wanasema nini? Wamemwona?" Nikamwambia bado. Akasema, "Sema tena. Sema kwa nguvu." Tukasema tena. Tukasema asubuhi nzima. Askari wa mlangoni akaja, kijana mwenye adabu, akasema, "Mama, pole sana, lakini wageni wanataka kuangalia kwa amani." Mama akaniambia nimjibu kwamba hata yeye anataka amani, na ndiyo hiyo anayoiulizia. Kijana akarudi mlangoni pake.

Mchana watu wakachoka na sisi. Waliotuona mbali walipita upande wa pili. Miguu ilikuwa inaniuma, koo limekauka, na kila nikisema "pua ni kubwa" naliona lile beseni. Nikaona nyusi na kovu havimsimamishi mtu. Nani hana nyusi? Pakapita watoto wa shule, na ili wanitazame nikaongeza kitu. Nikasema, "Na ana pengo hapa mbele, meno mawili hayapo." Wakageuka wote. Kumbe pengo linasikika! Basi nikawa nalisema kila mara, mwishoni, kwa sauti. Mama hakulijua neno hilo. Makori hakuwa na pengo. Meno yake yalipangana yote, alifungulia soda kwa meno.

Yule mtu alikuwa dereva wa basi la wale watoto, sweta limechanika kiwiko. Alikuwa anapita kuwaita. Akasimama.

"Pengo? Hapa juu?"

"Ndiyo."

"Mrefu? Mkisii?"

"Ndiyo."

"Ai! Huyo si namjua? Yuko Malaba, mpakani. Anapakia mizigo kwa malori. Jana juzi tu nimemwona, mzima kabisa. Anacheka ovyo, ndio maana pengo lake nalikumbuka."

Kucha za Mama zilikuwa zimeingia begani mwangu. "Anasema nini? Kwamboka, anasema nini huyu?"

Nilijua. Nataka mjue kwamba nilijua, sikuwa mdogo kiasi cha kutojua. Alikuwa amemwona mtoto wa mtu mwingine, mwenye pengo la kweli. Nikamtazama Mama anavyomkodolea macho yule dereva, na mimi ndiye niliyeuchukua uso wa mwanawe nikaumwaga migombani. Nikasema kwa Ekegusii, "Anasema amemwona. Yuko Malaba. Yuko mzima." Pengo nikaliacha.

"Ni yeye? Muulize kama ni yeye."

"Ni yeye, Mama."

Mama alipiga magoti katikati ya chumba kile, akaishika mikono ya yule dereva, akaiweka kwenye paji lake. Dereva wa watu akaona haya, akawa anamwinua, "Mama, usijali, mama, si kitu." Watoto walikuwa wanamwita, akaenda. Mama akacheka. Tangu vita sikuwa nimemsikia akicheka, na alicheka mpaka Baba akaja mbio kutoka chumba kile kingine, akakuta dereva ameshaondoka na hakuna mtu wa kuulizwa ila mimi.

Walikwenda Malaba mara tatu. Waliuliza kila lori. Hakuna aliyemjua Makori, na Mama akasema basi amehama, vijana huhama, lakini alikuwepo na yuko mzima, aliyemwona alimwona. Baba hakubishana naye. Baba tulimzika mwaka juzi, na mchungaji alipokuwa anasoma majina ya watoto aliowaacha, Mama aliinuka mbele ya watu wote akasema, "Na Makori. Soma na Makori, yuko upande wa Malaba." Mchungaji akasoma. Wajomba wakatazama chini. Nami nilikuwa nimemshika Mama kiuno asianguke.

Nimejaribu kumwambia. Nikianza tu, "Mama, yule dereva," ananikatiza, "Mungu ambariki popote alipo," na shughuli inaishia hapo.

Jumapili hii nilikuwa nyumbani kwake, nimeyaandika haya kwenye daftari, naye akaja akakaa karibu yangu na miwani yake ya kusomea Biblia ya Ekegusii.

"Unaandika nini tangu asubuhi?"

"Habari za Makori."

"Zote?"

"Zote, Mama."

"Nisomee."

Nikamsomea, nikigeuza kwa Ekegusii sentensi moja moja. Kwenye msasa aliniwekea mkono gotini, maana hilo alinisamehe zamani. Kwenye makumbusho alifumba macho. Nilipofika kwa dereva nikaliona lile neno pengo pale kwenye mstari, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaliruka tena, pamoja na yote yanayolihusu. Nikamsomea kwamba alisema yuko Malaba, yuko mzima.

"Umeandika vizuri," Mama akasema. Akalichukua daftari, akapangusa jalada kwa upindo wa leso. "Liweke mahali pakavu. Akirudi atajisomea mwenyewe."